Kichuguu cha Mzee Gatoya

Juzi tumemzika Direkta wetu, mkuu wa shule, huko Kamembe, nami nimerudi nyumbani na hasira badala ya machozi. Si marehemu aliyenikasirisha, maskini wa Mungu. Ni bwana mmoja aliyeng'ang'ania maikrofoni akatusimulia kwamba marehemu ndiye aliyemleta mzungu shuleni kwetu, mwaka ule uliokaa katikati ya vita mbili za Kongo, na kwamba mzungu yule alitupa magodoro ya kurukia, viatu vya misumari na nguzo za chuma. Watu wakapiga makofi. Magodoro! Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa michezo wa shule ile. Lingekuwepo godoro hata moja ningelilalia mwenyewe, maana chumbani kwangu kulikuwa na mkeka. Nikataka kusimama, binti yangu akanivuta kitenge: "Maman, kaa. Hapa ni kilio, si tribinali." Nikakaa, lakini sikukaa kwa kukubali, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Direkta hakutuletea godoro. Aliyakataa yale magodoro kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya shule nzima, na katika yote niliyomwona akifanya hakuna lililonifanya nimheshimu kuliko hilo. Wamemzika na sifa ya mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilivuka daraja la Ruzizi kutoka Kongo na sanduku moja, nikaingia nchi ambayo nyumbani tuliiita kwetu na ambayo mguu wangu ulikuwa haujawahi kuikanyaga. Ya wazazi nayaacha. Kila mtu ana wazazi. Chumba nilikipata Cyangugu ya chini, kwenye nyumba ya zamani inayotazama ziwa, bati lake limetobolewa na risasi hata kila tundu tulilijua kwa sufuria yake. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa mbao nyembamba. Jirani mwenyewe alikuwa Maman Feza, mama wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mchuuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, alivyovianika juu ya mabati na kuvivusha mpaka kila baada ya siku mbili. Nyumba nzima ilinuka sambaza, na nguo zangu, na daftari za wanafunzi wangu. Jioni aliniita kula, hakuwa mtu wa kuuliza kama una njaa: bugali ya muhogo katikati, sambaza za kukaanga na pilipili, mboga ya lengalenga kidogo, na wanawake wanne watano wa mpakani wakipiga soga. Siku nikichoka nilibaki upande wangu na kuyasikia yote kupitia mbao. Jioni moja mmoja wao akaanza kumteta mpangaji mpya wa mtaa: "Ule anasemaka anatoka Burundi, lakini mungalie ile pua yake..." Nikasikia sahani ikitua chini kwa nguvu. "Nyamaza," Maman Feza akasema. "Kwa meza yangu pua ni ya kunusa kama samaki imeoza. Haina kazi ingine." Wakacheka, na yule mama akaomba chumvi.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya ofisi za mji. Madirisha hayakuwa na vioo, na darasa la mwisho lilikuwa na ukuta uliozibwa kwa hema la msaada. Wanafunzi walikuwa wametoka kila upande: kutoka Bukavu na Uvira kama mimi, kutoka Burundi, walionusurika mauaji hapahapa, na waliorudi kutoka kambi za ng'ambo wamebaki mifupa. Waliketi benchi moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake mambo ya kwao, kwa sababu jibu lingeweza kuwa ni nani aliyemuua baba yako. Direkta, mtoto wa Bukavu naye, mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia, alikuwa ameandika kanuni moja kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa ofisi yake: Hapa mtoto hapangwi kwa kimo wala kwa sura. Miaka michache nyuma, kwenye vizuizi vya barabarani, watu walipangwa hivyohivyo, warefu huku, pua za namna hii kule, na sote tulijua waliopangwa walipelekwa wapi. Kwa hiyo hata mstari wa asubuhi tuliupanga kwa alfabeti. Mwalimu wa michezo nilipata taabu, jamani. Timu ya voliboli kwa alfabeti! Nilinung'unika moyoni, nikatii.

Vyungu vya jikoni vilitoka kwa Mzee Gatoya, mfinyanzi wa Nzahaha, mtu wa karibu miaka sabini, mfupi, mwenye kifua kipana na mikono isiyotoka udongo hata Jumapili. Kila Alhamisi alikuja kwa kamyo, lori la mchanga, na vyungu vyake vimefungwa kwa majani ya migomba. Ujana wake wote aliviuza soko la Bukavu, na ndiko alikokipata Kiswahili. Watu wake ndio wenyeji wa kwanza wa nchi hii, watu wa msitu, kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe. Msitu wakanyang'anywa kidogo kidogo, ng'ombe hawakuwahi kuwa nao, ukabaki udongo. Waliitwa Batwa, na jina hilo shuleni lilikatazwa pamoja na yale mengine mawili ya makabila. Jina lilikatazwa, ndiyo, lakini kopo halikukatazwa. Nje ya mlango wa jiko lilining'inia kopo la bati kwenye msumari wake peke yake, na Mzee alipokuja mpishi alimmiminia chai humo. Hakuna mwingine aliyelinywea. Na mimi, msomi, mimi niliyekulia ng'ambo nikichekwa kwa ajili ya sura yangu, nilimpa Mzee chai katika kopo lile miezi miwili mizima, nikilishika kwa vidole viwili. Sijitetei. Naona aibu hata leo ninapoandika, na acha nione.

Kilichotukutanisha kweli ni ukosefu wa vifaa. Nilikuwa na kipenga na mpira mmoja usiokaa na upepo. Lakini tangu utoto nilikuwa nikisikia habari za gusimbuka, mchezo wa kuruka wa zamani: matete mawili wima, la tatu limelazwa juu yake, na mrukaji anakuja mbio, anakanyaga kichuguu kidogo cha udongo kilichojengwa mbele ya matete, anapaa. Nikamuuliza Mzee kama anajua kichuguu kile kinavyojengwa. Akanitazama sana. "Mamuzeli," akasema, ndivyo tulivyoitwa walimu wa kike tusioolewa, "unauliza samaki kama anajuaka maji?" Kazi ilimchukua siku mbili. Alileta udongo wake mwenyewe, akaukanyaga, akauchanganya na mchanga wa ziwa na nyasi zilizokatwakatwa, akaupiga kwa jiwe tabaka baada ya tabaka, akaufunika na majani ili ulale. Kimo chake hakikuzidi shubiri moja na nusu, na ukikigonga kwa kisigino kilikujibu. Watoto wakajipanga, kwa alfabeti bila shaka. "Mungoje kwanza," Mzee akasema. Akakunja suruali, akarudi nyuma hatua saba, akaja kwa mbio fupi za kuvuta mguu, akakanyaga, akalivuka tete nililokuwa nimeliweka usawa wa goti. Wanafunzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, aliinama akakikagua kichuguu pande zote kama kimepata ufa. "Kwetu, mwenye kujenga njo anarukaka wa kwanza," akaniambia. "Kama kitavunjika, kivunjike na miguu yangu, si na ya mutoto wa wenyewe." Siku ile nilimpa chai katika kikombe changu, na aliponirudishia nikamalizia kilichobaki mbele ya mpishi aliyetoa macho. Mzee akatikisa kichwa. "Mamuzeli, ni chai tu. Usifanye sawa unapokea komunyo kwa padri." Kopo lile nililing'oa na msumari wake.

Aliyekipenda kichuguu kuliko wote alikuwa Odette wa mwaka wa tatu, msichana mfupi aliyefika kwetu bila ndugu hata mmoja na asiyezungumza. Sisemi hakuwa msemaji, nasema hakuzungumza. Lakini aliruka. Tuliweka lundo la majani makavu ng'ambo ya matete, naye alianguka humo, akainuka na majani kichwani, akarudi nyuma ya mstari, tena na tena mpaka kengele. Mara moja aliumia kiwiko. Direkta alimfunga kitambaa yeye mwenyewe, na nilimsikia akinong'ona peke yake kwamba mtoto huyu angepata godoro, Mungu wangu, godoro moja tu.

Mzungu alishuka Kamembe kwa ndege wakati wa mvua. Tulimwita Misye, yaani bwana kwa Kifaransa chetu. Babu yake alikuwa kolon, mwenye shamba la kahawa upande wa Bukavu. Yeye mwenyewe aliishi huko mpaka miaka minane, na Kiswahili chake kilikuwa kile alichokiokota barazani kwa babu: lete, ondoa, simama, haraka. Tafadhali hakuwahi kuisikia kule. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mpole, alileta peremende, aliwapigia watoto mluzi. Kwao alikuwa anaandaa maonyesho ya michezo ya zamani ya Afrika, na alikuja na albamu ya babu yake, akaifungua juu ya meza ya Direkta. Foto moja ilinishika. Mwanamume amepaa juu ya tete, amepigwa kutoka chini, nyayo zake zinaonekana zote mbili, na nyuma yake wamesimama wazungu wenye kofia nyeupe, vichwa vyao chini ya tete, midomo wazi. Mahali ni kiwanja chetu, kwenye mteremko wa ziwa. Pembeni mwa foto, kwa wino mweupe, babu alikuwa ameandika: mtu wa mbari ya mabwana, waliozaliwa kutawala. Kisha kimo, uzito, upana wa pua, urefu wa paja. Nikatafuta jina. Hakukuwa na jina.

Misye alitaka foto ile ipigwe upya palepale, na vijana wetu watano wanaofanana na yule wa zamani, warefu, wembamba. Naye angetuachia magodoro mawili, viatu na nguzo, vyote vimo tayari ndani ya gari alilokodi. Akaniachia foto siku chache ili niwafundishe vijana mkao. "Hii ya asili," akaniambia. "Hapana chafua." Nikamwuliza Direkta kanuni yake imekwenda wapi. Hakunitazama, alikuwa anatazama gari kupitia dirisha lisilo na kioo. "Mamuzeli, Odette ataangukia majani mpaka lini? Ni foto tu. Na kama wewe hautaki, nitatafuta mwalimu mwenye anataka." Nikatoka. Bila kazi ile sikuwa na chumba, na bila chumba sikuwa na nchi.

Jioni nilimwonyesha Maman Feza ile foto. Alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuigusa. "Bakolon hawa naijua hadisi yao," akasema. "Mama yangu alifulaka manguo yao." Akanisimulia, akimenya vitunguu, kwamba ng'ambo kulikuwa na uwanja ambapo watu walicheza ngoma na mieleka tangu wazee wa wazee. Bakolon wakauzungushia waya, wakaweka tenisi ndani, na mwenyeji aliingia akiwa na ufagio. Jumapili wakichoka na tenisi walivuka ziwa kwa mashua kuja Cyangugu kutazama wenyeji wakiruka, wakawatupia chumvi. "Na walipoona watu wanapita juu ya vichwa vyao?" nikauliza. "Eh! Bakasema haihesabike, sababu ya kile kichuguu. Bapadri bakaleta kuruka ya kwabo, ya chini bila kitu, bakasema ile yetu ni budanganyifu." Nimekuwa mwalimu wa michezo maisha yangu yote, na jambo hili halijanitoka rohoni. Uwanja waliuchukua, mchezo wakaupima, halafu wakaufuta. Vipimo ndivyo ambavyo hawakuvifuta. Waliviingiza vitabuni, wakatufundisha kwamba wapo waliozaliwa warefu ili watawale na wafupi ili wabebe, na sisi kwa ujinga wetu tukavikariri darasani na kuviimba. Masomo yale yaliishia wapi, kila mtu wa nchi hii anajua, na anajua makaburi yako wapi.

Alhamisi Mzee akaja na vyungu. Nilimpa foto nikitaka tu anieleze mkao wa miguu. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza, akaiweka mbali tena. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo, mpaka akaketi juu ya gogo la kuni. "Hii mulitoa wapi? Njo miye huyu!" Nikadhani uzee umempanda. "Mzee, wameandika huyu ni mrefu, wa mbari ya mabwana, wamempima..." Akainua mguu wa kushoto, akauweka kwenye goti lake. Kidole kidogo hakikuwepo. "Nilikikata na jembe mu shimo ya budongo, ningali kijana. Angalia." Nikaangalia foto. Unyayo wa kushoto wa mtu yule hewani ulikuwa na vidole vinne. Nikakaa nami juu ya gogo.

"Balinileta miye juu ya kujenga kichuguu," Mzee akasema. "Batu ya kuruka ilikuwa ingine, yenye balichagua. Boyi wa mezani ya ule kolon, murefu, njo balipimaka asubuhi na fimbo, na kamba, hata pua. Hii mapimo ni yake. Miye nikamaliza kujenga, nikaruka kwanza, vile desturi inaomba. Ilikuwa ya kujaribu tu. Nikasikia 'cha!', nageuka, naona kolon amelala chini mu majani na mashini yake ya foto. Kisha boyi akakuja, akagonga tete na kifua, bazungu bakacheka. Na mashini, banasema, ilikuwa imemaliza filimu." Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mtu. "Nani aliniulizaka?" Akanirudishia foto, akaenda kuhesabu vyungu vyake. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Watu wamekufa kwa ajili ya elimu ile, na picha yake ya kujivunia ilikuwa ni mfinyanzi mwenye vidole tisa, ambaye vijijini hawakuthubutu kunywa naye kikombe kimoja. Tangu saa ile nilitaka kitu kimoja tu, kazi iende kama inataka kwenda: foto ile isirudi kwao bila jina la Mzee Gatoya.

Siku ikafika, Alhamisi nyingine, mvua imekatika. Direkta aliitoa shule yote uwanjani. Misye akashuka na kamera begani na, Mungu wangu, na fimbo ya babu yake mkononi, ile yenye alama za kupimia. Hakuwa na ubaya; alidhani watoto wataipenda. Akapita mbele ya mstari akigusa mabega kwa ncha ya fimbo. "Weye. Weye. Hapana weye, weye mufupi. Weye, ndiyo, kuja huku."   Nikamwona Odette akirudi nyuma taratibu, hatua moja, hatua nyingine, macho kwenye ile fimbo, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa darasa na akaendelea kusukuma miguu kana kwamba ukuta utafunguka.

Basi nikamtolea Direkta uvivu. "Papa Direkta, kanuni ya shule inasema nini?" Akasema kwa meno, "Mamuzeli, si sasa." "Ni sasa! Uliiandika kwa mkono wako. Isome." Misye akageuka akitabasamu. "Kuna shida gani? Ni sport tu." "Ni sport tu," nikasema, "na babu yako alikuja hapa na fimbo hiyohiyo, akasema ni sport tu, akatuachia hesabu za pua. Hapa watoto wamepangwa mara moja, Misye. Hawapangwi mara ya pili." Nilijua ninaumwaga unga wangu mwenyewe chini. Direkta aligeuka. Alimtazama Odette kule ukutani, akamtazama muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Misye," akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "rudisha fimbo yako mu gari. Magodoro pia, ubaki nayo. Batoto, mwende mu darasa, kwa alfabeti." Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na bwana wa maikrofoni anisamehe.

Misye alikuwa amewiva uso kama pilipili. Alisema tunamwonea, kwamba babu yake aliipenda nchi hii, na kwamba foto ile ni ushahidi. Nikamwita Mzee kutoka jikoni. Mzee akaja bila haraka, akasimama mbele yake, kichwa chake kikimfikia kifuani, akaweka mguu wa kushoto juu ya kichuguu. Nikashika foto karibu na mguu ule. Misye aliinama kuangalia foto, akaangalia mguu, akarudi kwenye foto.  "Babu yangu hakuwa mtu mubaya," akasema mwishowe, sauti ya chini. "Miye sikusema ni mubaya," Mzee akamjibu. "Nasema hakuniuliza jina."

Nikachomoa kalamu nyweleni mwangu. Niligeuza foto, nikaiegemeza kwenye goti, nikaandika nyuma kwa herufi kubwa kabla ya mtu kunizuia: Huyu ni Gatoya, mfinyanzi wa Nzahaha. Ndiye aliyeruka. Vipimo vilivyo mbele si vyake. Misye akapiga kelele kwamba nimeiharibu, ni mali ya maonyesho, ni ya asili. "Nimeitengeneza," nikamwambia, nikampa. Aliitia kwenye bahasha. Nilijua vizuri kwamba anaweza kuibandika ukutani uso mbele, na maandishi yangu yakaoza gizani.

Siku mbili baadaye Maman Feza akarudi kutoka mpakani na mabeseni matupu, akafungua mlango wangu bila kubisha. "Vestine, kaa chini nikuhadisie." Misye alikuwa anavuka kwenda kuona shamba la babu yake, na Maman Feza alikuwa nyuma yake kwenye foleni, wanawake tele na mizigo kichwani. Wakati ule kila mfuko ulifunguliwa kutafutwa silaha. Askari wa mpaka akaitoa ile bahasha, akaitazama foto, akapenda. "Huyu mwenye kuruka ni nani?" akauliza. Misye akasema kitu mdomoni. "Sikusikia." "Ni Gatoya," Misye akasema. "Sema kwa nguvu, Misye, makelele ni mengi hapa." Na Misye, mwekundu, kofia mkononi, akasema kwa sauti mpaka daraja likasikia: "Gatoya! Mfinyanzi wa Nzahaha!" Wanawake wakapiga vigelegele, maana nusu yao walipika ndani ya vyungu vya Mzee. "Alisema yeye mwenyewe?" nikamwuliza Maman Feza. "Yeye mwenyewe, na kinywa yake!" Nilimkumbatia na harufu yake yote ya samaki.

Kesho yake nilidandia kamyo ya mchanga hadi Nzahaha. Mzee alikuwa shimoni, udongo umemfika magotini, anaukanyaga. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama juu ya ukingo, na hakuacha kukanyaga. Nilipofika penye jina aliniambia nirudie. Nikarudia. "Alilisema muzuri?" "Alilisema vizuri, Mzee. Wote walisikia." Akaitikia kwa kichwa, akakanyaga kidogo, kisha akasimama kabisa.

"Na kwa ile foto, uliandika nini ingine?"

"Kwamba ni wewe uliyeruka."

"Uliandika ilikuwa ya kujaribu kichuguu tu?"

 "Hapana, Mzee. Nilisahau."

Akapiga makofi ya udongo, pa, akatazama juu kwa Mungu, kisha akanitazama mimi. "Ah, Mamuzeli! Sasa bale batu ya kwabo batazania ile kuruka njo nguvu yangu yote."